Mwendesha Baiskeli wa Eastlands: Ahesabiwe Angali Njiani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati matatu za kwanza zingali zinawaita abiria katika vituo vya Umoja, Kayole na Dandora, Barabara ya Jogoo huwa imekwisha kuamka. Kandokando yake, pale lami inapokomea na vumbi kuanza, hupita msururu wa watu wasiotajwa katika hotuba yoyote: waenda kwa miguu wanaoelekea Eneo la Viwanda, na miongoni mwao waendesha baiskeli waliofunga jaketi hadi shingoni kwa sababu ya baridi. Wengi wao hawaendeshi tena ile baiskeli nzito nyeusi ya baba zao, ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba. Wanaendesha baiskeli za mlimani, zenye magurudumu mapana, gia nyingi na uma wa mbele wenye springi, zilizoingia nchini zikiwa mitumba na kununuliwa kwa akiba ya miezi kadhaa. Mgeni huenda akashangaa baiskeli ya mlimani inatafuta nini katika mitaa iliyo tambarare kama Eastlands. Mwenyeji hashangai. Barabara za ndani za mitaa hiyo zina milima yake: mashimo, matuta, mitaro isiyo na vifuniko, na udongo mweusi wa Njiru na Ruai ambao wakati wa masika hung'ang'ania gurudumu kama gundi.

Makala haya yanashikilia hoja moja. Mwendesha baiskeli wa Eastlands huhesabiwa katika nyakati mbili tu: anapokufa na anaposhinda. Siku nyingine zote za maisha yake, anapokwenda kazini, anapopeleka mzigo, anapofanya mazoezi, anapomuuguza mzazi na anapomzika, yeye si mtu wa kuhesabiwa. Hali hii ni dhuluma ya kisiasa, lakini pia ni kasoro ya lugha, na kwa sababu hiyo inawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Kuhesabu huanza na kutaja, na kutaja ni kazi ya lugha.

Ikumbukwe kwamba Eastlands ilizaliwa kutokana na mahitaji ya kazi. Wakoloni walipoigawa Nairobi, walitenga upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda, kuwa makao ya wafanyakazi Waafrika. Pumwani ilitangulia, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati na mingineyo. Nyumba zilikuwa ndogo kwa sababu aliyetakiwa mjini alikuwa mfanyakazi, wala si familia yake. Baada ya uhuru jiji likazidi kusonga mashariki: Buruburu na Umoja zikajengwa kuanzia miaka ya 1970, Dandora ikapimwa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika muongo huo huo, na Kayole ikafuata. Kila hatua ilimsogeza mfanyakazi mbali zaidi na mahali pa kazi yake. Aliyekuwa akitembea kutoka Makongeni hadi kiwandani kwa muda mfupi akajikuta na mwanawe huko Kayole, kilomita 10 au zaidi kutoka lango lile lile la kiwanda. Baiskeli ndiyo iliyoziba pengo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo mpita njia halitambui kwa urahisi. Baadhi ya mitaa hii imebeba majina ya watu waliouawa. Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka wa 1952, mtu wa ukoo ule ule wa Frere Town uliowapa wasomaji wa Kiswahili kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Upo pia mtaa wa Kimathi, uliopewa jina la Dedan Kimathi, aliyenyongwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1957. Watu hawa hawakuwa wa upande mmoja katika vita vya wakati wao, lakini mauti yaliwaweka pamoja kwenye vibao vya mitaa. Kwa hiyo mwendesha baiskeli wa Eastlands kila asubuhi hupita katikati ya majina ya marehemu. Ni kana kwamba jiji limemfundisha tangu utotoni kwamba jina la mtu huandikwa akisha kuondoka.

Baiskeli yenyewe imekwisha kunyang'anywa jina. Kila mwanafunzi wa isimu anajua asili ya neno bodaboda. Lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, ambako vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine huku wakiita "boda, boda". Neno hilo lilikuwa mali ya baiskeli. Pikipiki za bei nafuu zilipofurika nchini mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ziliwachukua abiria, zikachukua na neno. Leo ukisema bodaboda mjini Nairobi, hakuna anayefikiria baiskeli. Aliyebaki juu ya baiskeli alibaki bila jina la kazi yake, bila chama chenye sauti, na bila mwanasiasa wa kumnunulia jaketi lenye picha ya mgombea msimu wa kampeni unapowadia.

Maisha ya kila siku ya mtu huyu yana utaratibu wake. Mchukulie kijana wa Umoja au Kayole anayefanya kazi ya kibarua kiwandani. Jioni hupandisha baiskeli yake begani hadi ghorofa ya nne au ya tano, kwa kuwa iliyoachwa chini haitakuwapo asubuhi. Hulala nayo chumbani, karibu na jiko na ndoo za maji. Anajua sauti ya kila kipuri chake: mnyororo unaolia kwa kukosa mafuta, breki iliyolika, spoki iliyolegea. Anamjua fundi wa kando ya barabara, ambaye karakana yake ni mwavuli, beseni la maji la kutafutia pancha na kopo la gundi. Nauli ya matatu asiyolipa kwa mwezi mzima ndiyo inayolipa karo ya mdogo wake au dawa za mzazi. Kwake baiskeli ni sehemu ya bajeti ya nyumba, kama unga na mafuta ya taa.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kumchora kama mtu wa shida tupu. Jumapili kijana huyo huyo huamka mapema kuliko siku za kazi. Hukutana na wenzake kwenye kituo cha mafuta, wakaijaza upepo mipira ya magurudumu, wakashika Barabara ya Kangundo kuelekea Tala na mlima wa Kilimambogo, ambao kilele chake kimepita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Wengine huvuka jiji kwenda kwenye vijia vya msitu wa Karura, msitu uliobaki kuwa mali ya umma kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka wa 1999 wakiutetea. Huko mlimani na msituni mtu hapigiwi honi. Pumzi humpaa, miguu humuuma, lakini kwa saa chache yeye ni bwana wa njia yake. Furaha hiyo ni haki, na si anasa ya watu wa mitaa ya upande wa magharibi pekee. Inasikitisha kuwa Eastlands, yenye wakazi wengi kiasi hicho, haina msitu wake wala kijia chake, na ili mtoto wa Dandora auone mti wa kiasili akiwa juu ya baiskeli, sharti kwanza avuke barabara kuu zinazoweza kumuua.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, aliwauliza Wakenya redioni kwa miongo kadhaa: Je, huu ni ungwana? Swali hilo lingefaa kubandikwa kwenye kila mzunguko wa barabara kutoka City Stadium hadi Donholm. Dereva anayemsukuma mwendesha baiskeli mtaroni ili apite foleni, je, huo ni ungwana? Utingo anayeufungua mlango ghafla upande wa kushoto bila kutazama, je? Afisa anayeliona gari limeegeshwa juu ya njia ya baiskeli akageuza uso? Lakini swali la adabu halitoshi. Barabara iliyojengwa bila nafasi ya baiskeli imekwisha kuamua nani atasukumwa, na dereva huja tu kuutekeleza uamuzi huo. Mwenye kuulizwa swali la ungwana kabla ya dereva ni yule aliyechora ramani, na yule aliyeidhinisha fedha.

Takwimu za nchi zinathibitisha hoja ya kuhesabiwa baada ya mauti. Mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, hutoa orodha ya waliokufa barabarani, na katika orodha hiyo waendesha baiskeli wana safu yao. Kila mwaka tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni waenda kwa miguu. Mtu atakayeitafuta safu ya waendesha baiskeli wazima, waliofika kazini salama na kurudi nyumbani kwa watoto wao, hataiona katika orodha hiyo. Tafiti za usafiri jijini zimeonyesha tena na tena kwamba zaidi ya safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu, na kwamba baiskeli huchukua asilimia ndogo sana. Wakubwa huutumia uchache huo kama hoja ya kutojenga njia. Wanasahau kwamba uchache huo ni zao la kutojenga. Hakuna anayepima haja ya daraja kwa kuwahesabu watu wanaovuka mto kwa kuogelea.

Hapa ndipo uchungu wa kisiasa unapoanzia. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini. Sera hiyo iliahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara itatengewa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ilikuwa ahadi nzuri, na ilisifiwa hata nje ya nchi. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu hapo, magavana wamekuja na kuondoka, na yeyote mwenye macho anaweza kupita Barabara ya Jogoo akaitafuta asilimia hiyo 20 kwa tochi. Ni kweli kwamba Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa ilitengewa njia za pembeni, na aliyeipanga anastahili shukrani. Lakini njia isiyolindwa haikai. Leo katika sehemu nyingi imekuwa soko, maegesho na kituo cha pikipiki. Mwendesha baiskeli hawezi kumlaumu mama anayeuza nyanya hapo, maana mama huyo naye hakujengewa soko. Maskini wawili wamegombanishwa juu ya ukanda mmoja wa saruji, na aliyewagombanisha yuko ofisini.

Mwaka wa 2022 jiji likapata Barabara ya Expressway, yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo baadhi ya sehemu zake zimeinuliwa juu ya nguzo. Hupitwa kwa kulipia. Pikipiki haziruhusiwi juu yake, wala tuktuk, wala baiskeli, wala waenda kwa miguu. Barabara nyingi za kasi duniani zina masharti ya aina hiyo, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuendesha baiskeli juu ya nguzo kati ya malori. Kinachouma ni mfuatano wa mambo. Fedha na ardhi vilipatikana upesi kwa ajili ya mwenye gari, ilhali ahadi ya 2015 iliendelea kusubiri huko chini, kivulini mwa nguzo. Mwendesha baiskeli wa Eastlands hahitaji kusomewa nadharia ya matabaka ili auelewe mpangilio huo. Huuona akiinua macho.

Uchungu huo una historia ndefu katika upande huu wa jiji. Uwanja wa Kamukunji, karibu na mafundi wa jua kali, ndio ulioitishiwa mkutano wa Saba Saba tarehe 7 Julai 1990, siku ambayo serikali ya chama kimoja iliwatawanya raia kwa marungu na risasi. Vyama vingi vikaja, katiba mpya ikaja mwaka wa 2010, kaunti zikaja mwaka wa 2013. Juni 2024 vijana wakajaa tena barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Katika safari hiyo yote mwendesha baiskeli amepiga kura, amesimama kwenye foleni, amesikiliza ahadi. Kila baada ya miaka mitano mgombea hufika mtaani mwake kwa msafara wa magari makubwa, na msafara huo huo humsukuma mtaroni unapopita.

Siku moja mzazi hufa. Jambo hili humfika kila mtu, tajiri na maskini, lakini Eastlands lina namna yake. Mchukulie tena kijana yule wa Kayole, ambaye baba yake alikuwa bawabu katika Eneo la Viwanda na aliyeendesha Black Mamba miaka yote ya ajira yake. Mzee ameugua. Kijana amekwenda hospitalini jioni baada ya jioni kwa baiskeli, kwa kuwa nauli imekwisha kwenye dawa. Amefungia chupa ya uji kwenye keria. Amekimbizana na giza na mvua ili afike kabla saa za kuwaona wagonjwa hazijapita. Asubuhi moja simu ya rununu inalia, na sauti ya upande wa pili inaanza kwa pole.

Kuanzia hapo kijana hana nafasi ya kulia. Kuna gharama ya hospitali ya kulipwa kabla ya maiti kutolewa. Kuna kamati ya mazishi inayokaa kila jioni, mwenyekiti, mweka hazina na daftari la michango. Kuna jeneza, gari la kusafirisha maiti hadi mashambani, chakula cha waombolezaji. Baiskeli ndiyo inayopeleka barua za michango kutoka kanisa hadi kiwanda, kutoka kwa ami aliye Dandora hadi kwa binamu aliye Mukuru. Majirani huja wakasema, "Pole mwanangu, Mungu akupe nguvu," wakaacha noti iliyokunjwa mkononi. Katika siku hizo Eastlands huwa na serikali ya kweli: watu wasio na kitu wanaochangia mazishi ya mtu asiyekuwa na kitu, kwa hesabu iliyo safi kuliko bajeti nyingi zilizosomwa bungeni. Daftari la michango humtaja kila mtoaji kwa jina na kiasi chake. Pengine hilo ndilo andiko pekee la mtaani ambamo kila mtu amehesabiwa angali hai.

Baada ya mazishi kijana hurudi mjini na kuikuta Black Mamba ya marehemu imeegemea ukutani. Haina thamani sokoni. Lakini tandiko lake limechukua umbo la mwili wa mtu mmoja, na vishikio vyake vimelainika kwa viganja vya mtu yule yule. Urithi wa wengine ni shamba, nyumba au hisa. Urithi wa huyu ni chombo kilichobeba mshahara wa mwezi baada ya mwezi hadi watoto wakakua. Hakuna taasisi iliyomkumbuka marehemu. Hakufa barabarani, kwa hiyo hakuingia katika orodha ya mamlaka. Hakushinda mbio zozote, kwa hiyo hakuingia gazetini. Aliendesha baiskeli miaka yote hiyo akafika salama kila siku, na kwa kufika salama akatoweka katika kumbukumbu za taifa.

Kuhusu wale wanaohesabiwa kwa kushinda, taifa hili lina kisa kimoja kinachojulikana duniani kote. Chris Froome hakuzaliwa Eastlands. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985 katika familia yenye asili ya Uingereza na akalelewa upande wa pili wa jiji. Lakini aliyemfundisha baiskeli ya mlimani ni Mkenya, David Kinjah, ambaye kutoka kijijini kwake Kikuyu amewalea vijana wengi kupitia kikundi cha Safari Simbaz. Mama yake Froome, Jane, ndiye aliyempeleka kwa Kinjah. Mwaka wa 2006 kijana huyo aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka huo huo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alitumia anwani ya baruapepe ya msimamizi wa mchezo huo nchini ili ajisajili katika mashindano ya dunia mjini Salzburg, kwa kuwa alikata tamaa ya kusajiliwa na waliopaswa kumsajili. Mwaka wa 2008 mama yake alifariki kwa saratani, wiki chache kabla ya yeye kushiriki Tour de France kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo akahamia leseni ya Uingereza. Aliposhinda Tour de France mwaka wa 2013, na tena mara tatu kuanzia 2015 hadi 2017, wimbo uliopigwa haukuwa wa Kenya.

Wakenya wengi walilalamika wakati huo kwamba wameibiwa bingwa. Malalamiko hayo yalichelewa. Huwezi kudai kuibiwa kitu ambacho hukukitunza. Tena, ikiwa kijana mwenye mama wa kumwendesha kwa gari na pasipoti nyingine mfukoni alichoshwa na milango iliyofungwa, itakuwaje kwa kijana wa Kayole asiye na pasipoti hata moja, ambaye mama yake anauza mboga? Huyo hana leseni nyingine ya kuhamia. Hubaki hapa hapa na kipaji chake, akipeleka mizigo. Upande wa pili wa hesabu ni Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont, Marekani. Wakenya wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza wiki ile ya rambirambi, ingawa alikuwa ameitumikia nchi juu ya baiskeli kwa miaka mingi. Huyo alihesabiwa akiwa jenezani.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba nchi maskini ina mambo makubwa kuliko baiskeli: hospitali, ajira, chakula. Watasema pia kwamba kila kijana wa Eastlands anatamani gari, na kwamba baiskeli ni hatua ya kupita tu. Hoja ya kwanza inajijibu. Nchi iliyo maskini ndiyo inayopaswa kuanza na njia iliyo rahisi kujenga na inayotumiwa na wengi wasio na kitu, na kila anayefika kazini bila kuvunjwa mguu ni kitanda kimoja kilichobaki wazi hospitalini. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Vijana wanatamani gari kwa sababu wameona ni nani anayeheshimiwa barabarani. Heshima ikigawanywa upya, matamanio nayo yatabadilika. Wale wanaokutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika msafara wa Critical Mass Nairobi wamekwisha kuonyesha kwamba baiskeli zikiwa nyingi pamoja, hata dereva mkaidi hupunguza mwendo.

Kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili inaanzia hapa. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo sera ya 2015, iliyomhusu mtu wa Jogoo na Kangundo, iliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wahandisi. Mtu hawezi kudai ahadi asiyoweza kuisoma. Kijana aliyeomboleza kwa Kiswahili, aliyechangisha kwa Kiswahili na kumshukuru jirani kwa Kiswahili, hawezi kuambiwa kwamba haki yake ya njia ipo, ila imehifadhiwa katika lugha nyingine.

Isitoshe, wasomi wenyewe wana deni Eastlands. Kwa miongo kadhaa wanaisimu wamekwenda huko na vinasasauti kukusanya maneno ya Sheng. Tasnifu zimeandikwa, kamusi imechapishwa, vyeo vimepandishwa. Msamiati umehesabiwa neno kwa neno, lakini aliyeutamka alipanda baiskeli yake akaenda zake bila kuulizwa anakwenda wapi, na kama njia ni salama. Sheng ya mtaa haielei hewani. Hutoka katika vinywa vya watu wenye kazi, wenye wazazi wagonjwa na wenye uchungu na serikali.

Yapo mambo yanayowezekana bila kusubiri bajeti ya serikali. Chama cha wanafunzi kinaweza kuitafsiri sera ile kwa Kiswahili kinachosomeka na kuipeleka Kayole, Dandora na Umoja kabla ya kikao kijacho cha ushirikishaji wa umma. Idara za Kiswahili zinaweza kukusanya istilahi za baiskeli na za barabara kutoka kwa mafundi wenyewe, maana wao ndio wanaozitumia kila siku. Mwanafunzi wa fasihi simulizi, badala ya kurudia utafiti uliokwisha kufanywa mara kumi, anaweza kurekodi masimulizi ya wazee walioendesha Black Mamba hadi viwandani, wangali hai na wangali na pumzi ya kusimulia. Hao wanapungua kila mwaka. Kila mmoja anapozikwa, huzikwa na ramani ya jiji ambayo hakuna mhandisi aliyeichora.

Kesho alfajiri msururu utapita tena kando ya Barabara ya Jogoo. Miongoni mwao atakuwapo kijana aliyefiwa, amerudi kazini baada ya siku chache za ruhusa, na huenda akawa na kitambaa cha matanga kilichofungwa kwenye usukani. Atapita Mbotela, atapita Makongeni, atafika langoni mwa kiwanda na kutia sahihi daftari la waliofika. Hapo mwajiri atakuwa amemhesabu, kwa sababu anahitaji mikono yake. Imebaki kaunti imhesabu kwa sababu anahitaji njia, na chuo kikuu kimhesabu kwa sababu ana jina.